Kabla dereva hajapokea ufunguo

Tajiri anayetafuta dereva wa semi huanza kwa kutaja mshahara. Dereva mzoefu humwacha amalize, kisha huomba kuliona gari. Atalizunguka polepole, atainama kutazama tairi za trela, atawasha injini na kujaza upepo ili asikilize kama unavuja kwenye breki. Ndipo aanze maswali yake, na la mshahara huwa karibu na mwisho.

Mahali pazuri pa kuyasikia maswali hayo ni Nzega, mkoani Tabora. Hapo barabara inayotoka Singida na Igunga hukutana na ile ya Tabora mjini. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam hupita kuelekea Tinde, Isaka, Kahama na Lusahunga, kisha Rusumo kwa mzigo wa Rwanda au Kabanga kwa mzigo wa Burundi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu. Malori yanapoegeshwa jioni, madereva hupeana habari: nani anaajiri, nani analipa kwa wakati, nani anakwepwa na kila mtu. Ukizisikiliza habari hizo unagundua kwamba karibu zote zinahusu jambo moja: njiani kukiharibika kitu, nani anabeba hasara?

Gari kwanza, fedha baadaye

Gari bovu humgharimu dereva kabla halijamgharimu mwenye gari. Likikatika springi baada ya kushuka Mlima Sekenke, au difu ikigoma katikati ya pori la Itigi, anayelala na mzigo ni dereva na utingo wake. Posho iliyopigiwa hesabu ya siku nne italiwa siku nane. Trafiki akikuta tairi kipara, anayesimamishwa juani ni aliyeshika usukani. Na breki zikishindwa mteremkoni, mwenye gari atapata habari kwa simu.

Ndiyo maana dereva mwenye miaka mingi kazini anauliza mambo ambayo kijana aliyetoka kupata leseni hayafikirii. Fundi wa kampuni yuko wapi? Spea hununuliwa mara moja, au dereva anaambiwa "jishikize kwanza hadi ufike"? Nikipiga simu saa nane usiku nani atapokea? Swali lililo zito kuliko yote ni hili: dereva aliyekuwa na gari hili aliondoka kwa nini? Asipojibiwa vizuri ofisini, atamtafuta mwenyewe huyo aliyeondoka. Barabara ni ndefu, lakini madereva wanajuana.

Mafuta, posho na faini

Baada ya gari huja hesabu ya njia. Kampuni nyingi humpa dereva lita maalumu za mafuta kwa safari nzima. Mzoefu anataka kujua lita hizo zilihesabiwaje: kwa gari lenye mzigo au tupu, kwa lami au kwa vumbi, na kama foleni ya mpakani imo ndani yake. Lita zikiwa chache kuliko njia, mawili hutokea. Dereva atafidia kwa posho yake, au atatafuta mbinu. Wizi wa mafuta upo, na wenye malori wana haki ya kufunga vifaa vya kulifuatilia gari na tenki lake. Lakini tajiri anayepunja lita kisha akafunga kifaa amelinda tenki tu. Dereva mzuri atamhama.

Mizani nayo ina hesabu yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake. Aliyepakia ni mtu mwingine, aliyepokea fedha za mzigo ni mwingine, lakini anayesimama kwenye mizani ni dereva. Kwa hiyo atauliza mapema: uzito ukizidi, faini ni ya nani, na siku nitakazokaa pale nikisubiri mzigo upunguzwe nitazila kwa posho ya nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazungumzia makato waziwazi. Mwajiri hawezi kuukata mshahara kufidia hasara kwa sababu tu amekasirika. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Madereva wengi waliowahi kukatwa mshahara mzima kwa tairi lililopasuka hawajawahi kusomewa kifungu hicho.

Wapagazi waliuliza vivyo hivyo

Maswali haya ni ya zamani kuliko lori. Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Usafiri wake ulikuwa mabega ya watu, na waliosifika zaidi kwa kazi hiyo ni Wanyamwezi. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hao mwaka 2006, anawaeleza kuwa ni wafanyakazi wa ujira waliojua thamani ya kazi yao.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na ushei. Malipo yalikuwa kwa nguo, hasa kitambaa cha merikani, na kulikuwa na posho ya chakula cha njiani iliyotolewa kwa nguo au shanga. Watu walipatana kabla ya kuinua mzigo. Ugogoni watemi walidai hongo, yaani ushuru wa njia, ili msafara upite na uchote maji, na hongo hiyo ilitoka kwenye mali ya mwenye msafara. Mpagazi hakuichangia kwa posho yake. Posho ikikatwa au mzigo ukiongezwa, mapatano yalivunjika, na asubuhi mwenye msafara aliamka na kukuta mizigo chini, watu hawapo.

Haikuwa njia ya haki. Humo humo walipitishwa watumwa, na viboko vilitumika kuwarudisha waliotoroka. Lakini mpagazi huru alikuwa na silaha moja ambayo hata wageni wenye bunduki waliiheshimu: angeweza kukataa. Mwaka 1861 wapelelezi Speke na Grant walikwama Unyanyembe kwa miezi kwa sababu nchi ilikuwa na vita na wapagazi hawakukubali kwenda. Miaka kumi baadaye vita vya mtemi Mirambo viliifunga njia ya moja kwa moja ya Ujiji, na mpelelezi mwingine, Stanley, akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Livingstone naye alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri watu watakaotumwa kutoka pwani wambebee mizigo. Tembe alilokaa ni makumbusho leo. Wageni huoneshwa alipolala, ila jambo la kujifunza pale ni kwamba bila mpagazi aliyekubali kwenda, hata mtu mashuhuri hubaki amekaa.

Njia gani, na nitarudi lini?

Kukataa njia yenye hatari bado ni sehemu ya kazi. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na waasi wa Mai-Mai huko Kivu ya Kusini, nchini Kongo, baadhi ya malori yao yakachomwa moto. Waliachiwa baada ya siku chache. Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilitaka madereva wabadilishane magari Rusumo, na malori yakakwama mpakani hadi serikali zilipokaa na kuelewana. Tangu hapo dereva wa mizigo ya nje anauliza habari za njia kabla ya habari za fedha. Kampuni ina wakala upande wa pili? Mpaka ukifungwa, posho inaendelea? Nikiumia ugenini, nani atanirudisha?

Njia za ndani nazo zimebadili soko la kazi. Zamani dereva wa Tabora alihesabu kipande cha Nyahua hadi Chaya kama adhabu ya masika. Kilomita hizo 85.4 zilitiwa lami na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua Mei 2022. Barabara ya kupitia Sikonge hadi Mpanda nayo ni lami. Tajiri mwenye mzigo wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge unaokwenda viwandani Morogoro anaweza kumpa dereva ratiba inayoeleweka. Na ratiba ni ujira pia. Wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kuwa nyumbani mvua zikianza, wakalime. Msafara uliochelewa ulikosa watu. Dereva wa leo naye ana mke, ana watoto wanaosoma, ana shamba Uyui au Nzega. Kazi yenye mshahara mnono isiyomrudisha nyumbani huachwa na wazoefu mapema sana, nafasi ikabaki kwa deiwaka.

Mkataba ulio mkononi

Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, wakarudia tena Mei. Walipinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Dai la pili ndilo linaloendelea kuzungumzwa kwenye maegesho. Sheria ile ya 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, saa, ujira na marupurupu. Saa za kawaida hazizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Pamoja na ziada, siku haizidi saa 12. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Dereva anayeambiwa atoke Dar es Salaam alfajiri na kesho asubuhi awe Isaka anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe.

Mzoefu huangalia na mambo mawili ambayo kijana huyaona makaratasi tu: michango ya NSSF na usajili wa mwajiri kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Ameshawazika wenzake. Anajua familia ipi ililipwa na ipi iliambiwa marehemu alikuwa kibarua.

Reli nayo inakuja. Reli ya kwanza ilifika Tabora mwaka 1912, ikaupunguzia msafara wa mabega kazi yake. Sasa vipande vya reli ya kisasa, SGR, vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma vinajengwa. Mzigo mwingi wa masafa marefu utapanda treni. Malori hayatakwisha: mabomba ya mita 18 ya mradi wa bomba la mafuta ghafi yalifikishwa kwa lori hadi kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kilichozinduliwa Machi 2024, na mzigo utakaoshuka Isaka utahitaji magari ya kuumalizia safari. Safari zitakuwa fupi zaidi, na wenye mizigo watachagua kampuni ambayo madereva wake hawabadiliki kila mwezi.

Kwa wenye malori, basi, neno ni hili. Msishindane kwa mshahara wa kwenye tangazo. Andikeni kwenye mkataba nani analipa faini ya mizani, posho inakuwaje gari likilala njiani, lita zinahesabiwaje na dereva anarudi nyumbani lini, kisha mtimize. Kwa madereva: ombeni mkataba kabla ya ufunguo, usomeni wote, na nakala muiache nyumbani. Tajiri anayekataa kuandika mkataba ameshawaambia namna atakavyowalipa.