Picha ya Hesabu: Kuwaonyesha Wanachama Njia Zilizopita Fedha Zao

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, daftari peke yake halitoshi. Vyama vingi vya akina mama huandika hesabu kwa uaminifu, lakini siku ya mkutano tarakimu husomwa mfululizo, watu huitikia kwa vichwa, na njiani minong'ono huanza: "Tumechanga shilingi 180,000, mbona akiba imezidi 40,000 tu?" Fedha hazikuibwa, hazikuonekana zilikopita. Undugu wa miaka mingi huweza kuvunjika kwa swali kama hilo lisipojibiwa.

Kueleza fedha kwa michoro si jambo geni. Mwaka 1786, Mskochi William Playfair alichapisha jijini London kitabu cha chati za biashara, zenye mistari na nguzo. Mwaka 1801 akaleta chati ya duara. Leo kazi hiyo hufanywa kwa lahajedwali la kompyuta.

Kwa swali letu, duara halifai, kwani huonyesha mgawanyo wala si mwendo. Inayofaa ni chati ya maporomoko, ambayo nguzo zake hupanda fedha zinapoingia na kushuka zinapotoka.

Tuchukue mfano. Chama kilianza mwaka na shilingi 240,000. Ikaingia michango 180,000 na marejesho ya mikopo 60,000. Ikatoka mikopo mipya 150,000, msaada wa wafiwa 45,000 na ada za benki 5,000. Salio ni 280,000.

Excel ya mwaka 2016 na zilizofuata zina chati hii tayari. Kwa programu isiyokuwa nayo, tengeneza safu wima nne: jina, msingi, ongezeko na upungufu. Msingi ni kimo ambapo nguzo inaanzia. Michango husimama juu ya 240,000, na marejesho juu ya 420,000, hata kufikia 480,000. Mikopo mipya hushuka, hivyo msingi wake ni 330,000. Wa msaada ni 285,000. Wa ada ni 280,000. Salio la mwanzo na la mwisho huwekwa kwenye ongezeko, msingi wake ukiwa sifuri. Chagua chati ya nguzo zilizopandanishwa, kisha uondoe rangi ya msingi. Nguzo zitaonekana zikielea kama ngazi, na kila mama ataona kwamba sehemu kubwa ya fedha zilizotoka imo mikononi mwa wanachama wenzake, nayo itarejea.

Andika kiasi juu ya kila nguzo. Zinazoingia zipe rangi moja, zinazotoka nyingine. Kichwa kiseme jambo lenyewe: "Akiba imeongezeka kwa shilingi 40,000 baada ya kutoa mikopo na misaada."

Kuna hadhari moja kubwa. Nguzo zianzie sifuri daima. Akiba ikitoka 270,000 hadi 280,000, ongezeko halifiki hata asilimia 4. Lakini mhimili ukianzia 265,000, nguzo ya pili itaonekana mara tatu ya ile ya kwanza. Tarakimu zote zitakuwa za kweli, na jicho litakuwa limedanganywa.

Aliyekabidhiwa fedha za wenzake amebeba amana. Kuzitunza ni nusu ya amana hiyo; nusu iliyobaki ni kuzieleza hata yule asiyezoea hesabu aweze kuuliza, naye ajibiwe.