Seva Kamili au Kiunzi Chepesi?

Dongobesh, wilayani Mbulu, ipo kwenye barabara itokayo Mbulu mjini kwenda Haydom. Katika vituo vya afya vya Tanzania wagonjwa huandikwa katika vitabu vya MTUHA, na kila mwezi hesabu zao hujumlishwa na kuingizwa katika programu iitwayo DHIS2. Hesabu hizo zikikawia, mlipuko wa ugonjwa nao huchelewa kuonekana. Kwa hiyo namna programu hiyo ilivyojengwa si jambo la mafundi peke yao.

DHIS2 hutungwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, pamoja na washirika wake, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Ilipoanza kutungwa, katikati ya miaka ya 2000, palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni seva kamili ya programu, ifuatayo kanuni za J2EE zilizotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1999. Seva hiyo hupokea maombi ya watumiaji, hupitisha ujumbe baina ya programu, na huhakikisha kwamba muamala unaogusa hazina mbili za data ama hukamilika kote ama hufutwa kote. Benki inayohamisha fedha kutoka hazina moja hadi nyingine yalihitaji hakikisho hilo. Ripoti ya wagonjwa wa malaria huandikwa katika hazina moja tu, nayo yatosha kuilinda.

Njia ya pili ni kiunzi chepesi. Mtunzi huandika vipande vya kawaida vya Java. Kiunzi, kama vile Spring, ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, huviunganisha. Kisha vyote huendeshwa ndani ya Tomcat, seva ndogo ya kupokea maombi na kurudisha majibu. Kipande kimoja chaweza kupimwa bila kuwasha seva yoyote, na kwa mwanafunzi mwenye kompyuta ya kumbukumbu haba, hiyo ni nafuu kubwa. DHIS2 ilishika njia hii, sawa na OpenMRS iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006.

Wepesi huo una gharama isiyotajwa sana. Sehemu za seva kamili huja zimekwisha kupatanishwa; mwenye kiunzi huchagua maktaba mwenyewe, na moja ikibadilika hana budi kuzipima zote upya. Tena Spring yenyewe imenenepa mno, hali Java EE 6 ya mwaka 2009 ilileta umbo dogo la seva kwa kazi za wavuti.