WAZAZI NA MWALIMU ASIYETIMIZA WAJIBU

Tangu tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bila ya malipo, mtoto wa Unguja na Pemba ana haki ya kusomeshwa katika skuli ya Serikali. Haki hiyo haitimii kwa kuvaa sare na kukaa darasani, hutimia anapofundishwa. Mzazi anayeona kuwa mwanawe hafundishwi ipasavyo ana haki ya kusema, na inafaa ajue wapi pa kusemea.

Wazazi wengi hunyamaza. Wengine huona haya, kwani mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa na aghalabu ni jirani; wengine huchelea mtoto asije akaonewa. Wapo pia wanaoingia darasani na kumfokea mwalimu mbele ya wanafunzi. Njia zote mbili humdhuru mtoto: ya kwanza humwacha afike darasa la nne hajui kusoma, na ya pili huvunja heshima ambayo bila yake hapana somo.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha. Daftari ni shahidi: mzazi aangalie tarehe za masomo na kazi zilizosahihishwa, kisha amsikilize mtoto akisoma kwa sauti. Ikiwa wenzake wa darasa hilo wanaendelea vyema, huenda tatizo ni macho, masikio au utoro wa mtoto mwenyewe.

Pili, amwendee mwalimu mwenyewe, nje ya saa za vipindi, akiwa na daftari mkononi. Huenda akakuta mwalimu ana wanafunzi wengi kupita kiasi, ni mgonjwa, au amepewa somo asilolisomea. Mwalimu wa aina hiyo anahitaji msaada kabla ya lawama.

Pasipokuwa na mabadiliko, shauri lifikishwe kwa Mwalimu Mkuu, kisha Kamati ya Skuli, na baadaye Ofisi ya Elimu ya Wilaya. Ni vyema malalamiko yaandikwe, yakitaja siku, somo na lililotokea, si uvumi wala tabia za mtu nyumbani kwake. Wazazi kadhaa wakitia saini pamoja, hapana mtoto mmoja atakayenyooshewa kidole.

Ieleweke kuwa mwalimu wa Serikali ni mtumishi wa umma, naye analindwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Nam. 2 ya mwaka 2011. Kamati ya Skuli haina uwezo wa kumfukuza kazi, na hapana adhabu bila ya yeye kusikilizwa. Kwa sababu hiyo, maelezo yenye tarehe huwa na nguvu kuliko makelele ya watu mia.

Vitendo vya udhalilishaji wa mtoto havimo katika utaratibu huu. Hivyo hufikishwa Polisi mara moja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka wa masomo ukishapita haurudi, na anayeupoteza ni mtoto.