Mimea ya Bustani Inayovuka Uzio

Mmea vamizi ni ule ulioletwa na mtu, mara nyingi kwa uzuri wake au kwa kazi maalumu, kisha ukazaana wenyewe bila kupandwa tena hadi ukaisonga mimea uliyoikuta. Wakazi wa Mwanza hawahitaji kutafutiwa mfano mbali. Magugu maji ni mmea wa bonde la Amazon, Amerika Kusini. Yalisambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, yakipandwa kwenye mabwawa ya bustani. Tanzania ilikuwa nayo tangu miaka ya 1950 kwenye mito Sigi na Pangani. Katika Ziwa Victoria yalitambuliwa karibu na mwaka 1990, yakiingia hasa kwa mto Kagera, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika takriban hekta 20,000 za ziwa zima. Wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi mialoni. Yalipungua baada ya kuachiliwa wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, Neochetina, wanaotafuna majani na mashina yake, wakisaidiwa na mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hadi leo hayajaisha.

Bujora, katika eneo la Kisesa wilayani Magu, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, si mwambao wenyewe, lakini maji yake huishia ziwani. Kaya zimejengwa kati ya vilima vya mawe ya matale. Juu kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na chini mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Mvua zikianza Oktoba au Novemba, kila kilichotupwa nyuma ya uzio huteremka na maji hadi mitaroni, na kutoka hapo kuelekea Ghuba ya Speke. Kwa hiyo bustani ya mlimani si jambo la mwenye bustani peke yake.

Jambo la kwanza kwa anayetaka kuzuia mmea wa aina hii ni kujua unazaana kwa kiungo kipi: mbegu, kipande cha shina au mzizi unaotambaa. Watu wengi huanza na panga, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu ukataji unaoua mmea mmoja huuzidisha mwingine.

Lantana huenea kwa mbegu. Ilitoka Amerika ya Kati na ya Kusini ikaletwa kuwa ua na uzio, na ni rahisi kuitambua: shina lenye pembe nne na miiba midogo iliyopinda, majani yanayokwaruza na kutoa harufu kali yakifikichwa, na maua yanayofunguka ya njano kisha yakageuka waridi au mekundu kwenye kishada kimoja. Matunda yake madogo yakiiva huwa meusi, na ndege huyapenda. Ndege akishakula hutua juu ya jiwe au mti na kudondosha mbegu hapo, ndiyo maana lantana huchipua kwenye nyufa za mawe, mahali jembe lisipofika. Kwa wafugaji madhara yake ni makubwa zaidi. Ng'ombe anayekula majani yake kwa sababu malisho yamekauka huumia ini, kisha jua humchoma ngozi, hasa puani na sehemu zisizo na manyoya mengi, ikachubuka na kutoa vidonda.

Kuikata lantana juu ya ardhi ni kuipogoa tu, na baada ya mvua mbili tatu shina hutoa machipukizi mengi kuliko mwanzo. Moto nao hauisaidii bustani, kwani shina lililoungua huchipua upya na uwanja unabaki wazi kwa miche mipya. Inayofaa ni kuchimba kwa sururu kuzunguka shina na kuling'oa pamoja na kile kifundo ambako shina hukutana na mizizi, maana machipukizi hutoka hapo. Udongo ukiwa na unyevu kazi huwa nyepesi. Ifanyike kabla matunda hayajaiva, na miche inayoota baadaye ing'olewe kwa mkono ikiwa bado midogo, msimu baada ya msimu, kwa sababu akiba ya mbegu ardhini haimalizwi na palizi moja.

Mpungate na alizeti pori huenea pia kwa vipande. Kila bapa la mpungate likianguka ardhini hutoa mizizi, hata likiwa limenyauka kwa wiki kadhaa. Kulifyeka boma la mpungate na kuyaacha mabapa chini ni kupanda shamba la mpungate. Yakusanywe yote kwa koleo au uma, yafukiwe kwenye shimo refu, au yaanikwe juu ya mwamba mpaka yakauke kabisa ndipo yachomwe. Alizeti pori, yenye maua makubwa ya njano na asili yake Mexico, ina upande wa faida: majani yake yana naitrojeni na fosforasi nyingi, na wakulima wa magharibi mwa Kenya huyatumia kama mbolea ya kijani. Anayetaka faida hiyo aikate kabla haijachanua, achukue majani na ncha laini tu. Mashina yake yasifanywe fito za uzio wala vijiti vya nyanya, kwa kuwa huchipua.

Mmea unaowachosha wenye bustani wengi, hata hivyo, ni ukoka. Hupandwa kwa makusudi ili uwanja uwe wa kijani, na kwa kazi hiyo hakuna nyasi bora. Shida ni kwamba hutambaa kwa mashina juu ya ardhi na kwa mengine yaliyo chini, meupe, yenye ncha ngumu kama sindano, yanayotoboa hata kiazi. Kila pingili ina chipukizi. Jembe likipita wakati wa mvua hulikata shina moja vipande kumi, na vipande kumi huwa mimea kumi. Wakati wake ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba: chimba kwa uma, kung'uta udongo, acha mashina juani siku kadhaa mpaka yavunjike yakikunjwa, kisha rudia mara moja au mbili. Kwenye luseni kazi hiyo huwezekana, ila kwenye mbuga kavu uma hauingii, na ni afadhali kuchimba mara tu baada ya mvua kukatika. Udhaifu mkubwa wa ukoka ni kivuli. Viazi vitamu, vile vya kutengenezea michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, vikipandwa kwa kubanana hufunika tuta zima na kuunyima mwanga. Kati ya uwanja na matuta uchimbwe mfereji mwembamba, usafishwe kila mwezi wakati wa mvua.

Mimea ya majini ndiyo isiyopaswa kupewa nafasi hata kidogo. Magugu maji, na salvinia iliyowahi kufunika sehemu kubwa ya Ziwa Kariba, haifai kuoteshwa kwenye beseni, bwawa wala chemchemi ya mapambo. Iliyopo itolewe, ianikwe mbali na mtaro mpaka ikauke, kisha ichomwe. Sumu za kuua magugu zisitumiwe karibu na maji, ambako watu huvua na kuchota.

Sehemu iliyosafishwa isiachwe tupu. Uzio wa lantana ukiondolewa, minyaa iliyozoeleka Usukumani inatosha kuziba nafasi, mradi utomvu wake usiingie machoni.

Katika kazi hii mwenye bustani hayuko peke yake: Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Gugu karoti, mmea wa maua madogo meupe na majani yanayofanana na ya karoti, uliripotiwa mkoani humo mwaka 2010. Huwasha ngozi na kupunguza malisho. Atakayeona mmea asioujua ukienea kwa kasi bustanini, njiani au mtaroni asiuchukue kuupanda nyumbani. Amwite afisa ugani wa kata ungali mchache.