Mkata Nyasi wa Julai, Mzoa Theluji wa Januari

Katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, habari za theluji huanza kuzungumzwa nyanya zingali zinaiva bustanini. Kufika katikati ya Septemba majirani wanaulizana, wakiwa wameegemea ua au wakitoka kanisani: mwaka huu umempata nani wa kukuzolea? Hakuna anayeuliza kama theluji itakuja. Ziwa Erie linaanzia pale pale mji unapokomea, na wenyeji wanajua litafanya nini mwezi wa Novemba. Maji bado yana joto la kiangazi. Upepo mkavu wa baridi huvuma kutoka kusini-magharibi ukipita juu ya ziwa kwa urefu wake wote, hunyonya unyevu, na ukigusa nchi kavu huumwaga wote kwa sura ya theluji. Kwa wastani mji hupata takriban inchi 95 kwa msimu, karibu mita mbili na nusu. Lakini wastani huo hauwapi watu usingizi, maana msimu wa 1976–77 ulileta inchi 199, na ule wa 2011–12 inchi 37 tu.

Magari ya mji husafisha barabara. Njia ya gari inayoingia nyumbani kwako ni yako, na njia ya waenda kwa miguu inayopita mbele ya nyumba, ingawa inakanyagwa na kila mtu, kisheria ni jukumu lako kuisafisha. Desturi nyingi za majira ya baridi hapa zimetokana na jambo hilo moja. Vijana na wenye mgongo imara huchukua beleshi. Wazee, wagonjwa, wanaotoka kazini usiku na wenye nyumba za kupangisha huajiri mtu. Na mtu huyo, mara nyingi, ni yule yule aliyewakatia nyasi wakati wa joto.

Mwaka wake umepangwa na hali ya hewa. Aprili anafagia chumvi na changarawe zilizobaki uani, Mei anatandaza matandazo kwenye vitalu vya maua na kupogolea vichaka, kisha anakata nyasi kila wiki hadi Oktoba. Majani ya miti yakianguka anayakusanya na kuzibua mifereji ya paa. Novemba anafunga jembe la chuma mbele ya pikapu, anapakia mifuko ya chumvi nyuma, na maisha yake yanageuka kuwa ya usiku. Theluji ikianza kuanguka saa nne za usiku, yeye anaamka saa nane, kwa sababu wateja wake wanataka kutoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi. Katika dhoruba ndefu hulala ndani ya gari kwa vipande vya nusu saa. Tunaowalipa watu hawa tunapaswa kulifahamu hilo kabla ya kulalamika kwamba amechelewa dakika 20.

Mgeni akifika Buffalo hushangaa kwa nini wenyeji wanasisitiza mkandarasi wa karibu, wakati kampuni kubwa za mbali zina mashine nyingi na huenda zikatoza nafuu. Sababu iko kwenye tabia ya theluji yenyewe. Theluji ya ziwa haianguki sawasawa juu ya mji mzima. Hushuka kwa ukanda mwembamba, pengine wa kilomita chache tu, na ukanda huo unaweza kusimama mahali pamoja kutwa kucha. Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki, kama West Seneca na Lancaster, vilifukiwa na zaidi ya futi tano, huku mitaa ya kaskazini ya mji ikipata inchi chache tu. Watu walisimama kwenye jua wakitazama ukuta mweupe umesimama upande wa pili. Mkandarasi anayelala nje ya ukanda huo hawezi kuingia, maana barabara kuu zimefungwa. Anayelala mtaa wa tatu kutoka kwako amekwama pamoja nawe, na kwa kuwa amekwama pamoja nawe ndiyo maana atakufikia. Wenyeji walijifunza hesabu hii kwa taabu, na wazee hawakubali kubishana juu yake.

Kuna sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi. Mwishoni mwa Oktoba utaona vijiti vyembamba vyenye utepe unaong'aa vimechomekwa kando ya njia za magari. Vinamwonyesha dereva wa jembe mahali lami inapoishia na nyasi zinapoanzia, kwani chini ya theluji yote ni sawa. Dhoruba za mwanzo huja kabla ardhi haijaganda, na hapo ndipo madhara hutokea: gurudumu linazama, jembe linachuna nyasi pamoja na udongo, ukingo wa kitalu cha maua unasombwa. Mtu aliyekodiwa kwa theluji peke yake ataondoka Machi na kukuachia makovu hayo. Aliyekukatia nyasi anajua kichaka kipo wapi hata kikiwa kimefunikwa, anajua bomba la maji linapita wapi, na anajua kwamba Aprili ni yeye atakayerudi na udongo na mbegu kuziba alichoharibu. Kwa hiyo huenda polepole. Pia hamwagi chumvi kama apandaye mtama. Chumvi hiyo huchimbwa migodini katika kaunti ya Livingston, mashariki ya Buffalo, nayo huunguza mizizi na kuishia kwenye mito na ziwa. Tena baridi ikishuka sana, kiasi cha nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi, haiyeyushi vizuri, na anayejua kazi yake hubadilisha, hutumia mchanga ili watu wasiteleze.

Usidhani kuwa watu wa hapa wanazijali bustani kwa kupita tu. Frederick Law Olmsted, aliyesanifu Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux, alianza kazi yake Buffalo mwaka 1868, akauachia mji bustani kubwa zilizounganishwa na barabara pana zenye miti. Tangu 1995 kuna matembezi ya bustani yanayoitwa Garden Walk: mwishoni mwa Julai wenye nyumba mamia hufungua mageti, na yeyote anaingia bure kutazama maua na kuuliza jina la mmea. Nyingi za bustani hizo ni ndogo, za nyumba za mbao zilizobanana, hasa upande wa magharibi wa mji. Katika mji unaofukiwa miezi mitano, watu hulima maua kwa bidii ya kipekee katika miezi michache iliyobaki. Vuli ikifika huvisha vichaka vyao magunia au kuvijengea vibanda vya mbao vya pembe tatu ili theluji ya paani isivivunje. Anayezoa theluji katika ua wa namna hiyo amekabidhiwa kitu, na majirani watajua akikivunja.

Upande huo huo wa magharibi, karibu na barabara ya Grant, ndiko walikopangishiwa nyumba wakimbizi wengi waliofika Buffalo katika miongo ya karibuni, na miongoni mwao wapo Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu. Kiswahili kinasikika dukani na kituo cha basi. Kwa hiyo mapatano ya theluji nayo yamepata sauti yetu. Nimemsikia mama wa Kivu akimwuliza kijana Mrundi mwenye pikapu kuukuu, "Mwanangu, theluji ikianguka utakuya?" Naye akamjibu, "Nitakuya, mama, usiwe na wasiwasi." Hapakuandikwa kitu. Kijana huyo alifika msimu mzima, mara nyingine kabla taa za jikoni kwa mama hazijawashwa, na mama alimlipa kila mwisho wa mwezi na kumfungia chakula juu yake.

Naipenda desturi hiyo, lakini siwashauri watu wategemee neno la mdomo peke yake. Kuna mapatano ya aina mbili. Moja ni kulipa kila anapokuja. Nyingine ni kulipa msimu mzima, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili, theluji iwe nyingi au kidogo. Msimu kama ule wa 2011–12 mwenye nyumba aliyelipa yote hujiona amepoteza. Msimu kama wa 1976–77 humfilisi mkandarasi, naye akishindwa kununua mafuta hafiki. Kwa hiyo kuna yanayopaswa kuwa kwenye karatasi, hata ikiwa ni ukurasa mmoja wa daftari: theluji ikifikia inchi ngapi ndipo anakuja bila kuitwa (wengi huchagua mbili au tatu), amalize saa ngapi, na je, atarudi baada ya gari la mji kupita? Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa sana. Gari la mji likisafisha barabara huacha tuta zito la barafu mdomoni mwa njia yako, na tuta hilo ndilo linalovunja migongo ya watu. Iandikwe pia theluji itarundikwa wapi, maana kuisukumia barabarani au kwa jirani ni kosa. Omba cheti cha bima cha sasa, si cha mwaka jana. Ikiwa wakati wa joto atapulizia dawa ya magugu kwa malipo, lazima awe na kibali cha idara ya mazingira ya jimbo. Na mtu anayebisha hodi katikati ya dhoruba akitaka fedha zote za msimu taslimu, mwambie asante na ufunge mlango.

Pamoja na kazi ya kulipwa kuna ile isiyolipwa, nayo ndiyo iliyoupa Buffalo sifa ya kuitwa mji wa majirani wema. Karibu kila mtaa una mtu mmoja mwenye mashine ya kurusha theluji ambaye, akishaiwasha, hasimami mpakani mwa nyumba yake. Huendelea hadi kona. Kumpa fedha ni kumkosea heshima. Hupelekewa keki, sufuria ya supu, au chupa siku ya Krismasi. Wengine wamejitwika bomba la zimamoto lililo karibu nao, wanalifukua kila dhoruba ili wazima moto wasilitafute. Moyo huo unaonekana hata uwanjani. Januari 2024, timu ya Buffalo Bills ilipotakiwa kucheza na Pittsburgh Steelers, mchezo uliahirishwa kwa sababu ya theluji kutoka Jumapili hadi Jumatatu, na klabu ikaita watu waje kufukua viti kwa dola 20 kwa saa. Wakaja na mabeleshi yao.

Ila lazima niseme mahali desturi hii inapokatika. Katika dhoruba ya Januari 1977 theluji mpya haikuwa nyingi. Ziwa lilikuwa limeganda tangu Desemba, theluji ya wiki nyingi ikarundikana juu ya barafu, kisha upepo ukaibeba yote na kuitupa mjini, na watu 29 walikufa. Desemba 2022, kuanzia tarehe 23, dhoruba nyingine ilidumu sikukuu yote ya Krismasi. Marufuku ya kuendesha magari ilianza saa tatu na nusu asubuhi, wakati wengi wameshakwenda kazini. Watu 47 wa eneo hilo walifariki: wengine ndani ya magari, wengine nyumbani bila umeme, wengine wakitembea, wengine moyo ukiwasimama walipokuwa wakizoa theluji. Watu weusi walikuwa wengi miongoni mwa waliokufa kuliko uwiano wao katika idadi ya wakazi. Katika dhoruba ya namna hiyo hakuna mkandarasi wala jirani awezaye kufika, na si haki kumlaumu.

Lakini siku za kawaida za Januari nazo zina lawama yake, na hiyo tunaweza kuiondoa. Takriban robo ya kaya za Buffalo hazina gari. Watu hao hutembea hadi kituo cha basi, na njia yao ni safi mbele ya nyumba yenye mkandarasi, safi mbele ya nyumba ya jirani mwema, kisha inakatika mbele ya kiwanja kitupu au nyumba ambayo mwenyewe yuko mbali. Mama mwenye mtoto mgongoni hushuka barabarani kati ya magari. Mwenye kiti cha magurudumu habanduki nyumbani wiki nzima. Njia ya kupita haiwezi kutegemea kila nyumba ina fedha kiasi gani au mwenye nyumba ana roho gani, kwa sababu nyumba moja tu ikishindwa, mtaa wote umefungwa.

Rochester, mji ulio kama kilomita 120 mashariki na wenye theluji nyingi vilevile, una utaratibu mwingine. Theluji ikizidi inchi kadhaa, mji huwatuma wakandarasi wenye magari madogo ya jembe kupita kwenye njia za waenda kwa miguu. Wenye nyumba huchangia ada ndogo pamoja na kodi ya nyumba, na bado kisheria wanawajibika kumalizia kilichobaki. Ua unabaki kuwa mambo ya mwenye nyumba na mkata nyasi wake, na njia ya miguu inakuwa ya wote. Baraza la mji wa Buffalo litenge fedha za kazi hiyo kabla ya Novemba ijayo, na zabuni wapewe wakandarasi wadogo wanaoishi katika mitaa hiyo hiyo, akiwemo kijana yule wa pikapu kuukuu.