Mume Arudipo Kutoka Machimboni

Vijana wetu wengi huacha wake zao wakaenda kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, na Mwakitolyo, Shinyanga. Chumo la halali halina aibu. Lakini akaaye miezi mingi mbali na ahali yake huenda akarudi na fedha mfukoni na maradhi mwilini, naye hajijui.

Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B hupita katika damu, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Chanjo ya homa hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwetu mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata. UKIMWI hauna chanjo, lakini dawa zake hutolewa bure, na azitumiaye sawasawa humkinga mwenziwe.

Basi twawanasihi: mume arudipo, na aende na mkewe wakapimwe damu. Aliye mzima achanjwe homa ya ini, aliye mgonjwa atibiwe. Huko si kutuhumiana, ni kutunza amana. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, haya isituulie jamaa zetu.