Mashua Ikutoshayo

Mtu asimamaye pwani ya Matondoni, kisiwani Lamu, wakati maji yamekupwa na vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga, aghalabu humwona mnunuzi mgeni akizipita mashua ndogo pasipo kuzitazama, akaenda moja kwa moja hata kwenye kubwa kuliko zote, akaipigapiga ubavuni kwa kiganja cha mkono, kisha akauliza bei. Nami nilikuwa mnunuzi wa namna hiyo, miaka mingi iliyopita, nilipojaliwa fedha kidogo nikatamani chombo cha kuvulia na cha kuchukulia mizigo baina ya Lamu na Faza. Nilimwendea fundi mmoja mzee, nikamwambia nataka mashua ya futi 25; naye hakuniuliza habari za fedha wala za mbao, bali alisema, "Mwanangu, nyinyi ni wangapi?" Nikamjibu, "Ni mimi na ndugu yangu, fundi." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye taruma alilokuwa akilichonga kwa tezo, na siku ile hatukuzungumza tena juu ya urefu.

Swali lile asili yake ni tanga letu lenyewe. Tanga la mashua hufungwa kwenye foromali, na foromali huning'inizwa mlingotini kwa henza; na kila chombo kinapogeuzwa ili upepo uingie kwa upande wa pili, foromali sharti isimamishwe wima, ipitishwe mbele ya mlingoti, na kamba ya demani ichukuliwe mbio ikazungushwe hata ng'ambo, na yote hayo hufanywa huku chombo kikiyumba, tanga likipiga kama mtu akung'utaye mkeka, na mwenye kushika kana asiweze kuiacha hata dakika moja. Katika mashua ya futi 16 mtu na kijana wake huifanya kazi hiyo bila taabu kubwa. Katika mashua ya futi 25 foromali ni mti mzima, mrefu kuliko chombo chenyewe au unaokaribia hapo, na mikono minne haitoshi. Wanatakiwa watu wanne au watano, na tena waliozoeana, maana wa kwenda ubavuni kukalia ubao utokezao nje, ili chombo kisilale mno, naye ni mtu wa kuhesabiwa.

Liko jambo jingine ambalo macho hayalioni upesi, nalo ni la hesabu. Mtu husikia futi 16 na futi 25 akadhani ya pili imeizidi ya kwanza kwa nusu tu na kidogo zaidi, kwa kuwa autaamali urefu peke yake. Lakini chombo kikiongezwa urefu, na umbo lake likabaki lile lile, huongezeka pia upana na kina, hata ubao wa kukifunika ukawa karibu mara mbili na nusu, na uzito wake ukakaribia mara nne. Basi nanga itakuwa nzito zaidi, kamba nene zaidi, pamba ya kalafati nyingi zaidi, na siku ya kukipandisha pwani utawaita majirani wote na kuwapikia. Na mwendo je? Kasi ya chombo kipasuacho maji hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake majini: 16 ni nne mara nne, na 25 ni tano mara tano, hivyo ndogo ikienda maili nne, kubwa huenda tano. Kwa uzito wa mara nne, mwenye chombo amejipatia robo moja tu ya mwendo. Laiti hesabu hii ingalifundishwa madrasa na shule za pwani, watu wengi wasingalijitia katika deni.

Maji nayo yana amri yake. Mfereji wa Mkanda, upitao katika mikoko baina ya kisiwa cha Manda na bara, hupungua mno maji yanapokupwa, na njia ya kuingilia Siyu vilevile hutaka maji kujaa. Na mwenye mkuku mrefu akichelewa robo saa hupwelewa, akakaa kwenye tope na samaki wake hata maji yarejee. Hata hivyo, sisemi kwamba ndogo ndiyo bora sikuzote. Mwenye kuchukua abiria au mawe ya kujengea, au atokaye nje ya miamba kwenda Kiwayu wakati wa kusi, akipanda chombo chembamba kisicho na farumi ya kutosha ameichezea roho yake na za watu, na kwake futi nyingi ni sitara. Ubaya ni kununua chombo kwa ajili ya safari moja ya mwaka, kisha kukilisha na kukitunza siku nyingine zote.

Sasa nije kwa muuzaji, kwani nami niliuza. Wakati mzuri ni matlai, kusi ikiisha nguvu, wakati wavuvi wanapojiandaa kwa kaskazi na bahari inaruhusu chombo kujaribiwa. Wako wanaopaka rangi mbichi juu ya ubao uliooza, wakajaza ufa kwa lami, wakaleta mnunuzi jioni. Jambo hili ni haramu bila shaka yoyote, na fiqhi ya mauzo imelieleza vizuri: mwenye kuijua aibu ya kitu lazima aitaje, na mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa anayo khiyari ya kurudisha. Yajulikana habari ya Mtume sokoni Madina, alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka akakuta chini imelowa, akamkemea mwenyewe kwa kutoiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Nami kila nikiinama kutazama ngama ya mashua ya kuuzwa huikumbuka nafaka ile.

Mnunuzi naye achukue kisu chenye ncha, achome pale ubao wa chini unapokutana na mkuku, na chini ya kitako cha mlingoti, na kwenye fashini. Kisu kikizama kama katika muhogo uliochemshwa, ubao umekwisha. Atazame hasa mahali maji ya mvua yanapotuama, kwa kuwa maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, na michirizi ya kutu ubavuni humwonyesha msumari ulioliwa. Lakini asiogope maji ya siku ya kwanza: chombo kilichokaa juani mwezi mzima hukauka, mbao zikaachana, na kikishushwa huvuja hata mwenyewe akaona haya, lakini baada ya siku mbili tatu mbao hufura na kujifunga. Kivujacho siku ya nne ndicho chenye maneno.

Na kabla ya yote, muuzaji aulizwe chombo ni cha nani. Vyombo vyetu vingi ni vya urithi, na mashua niliyoiuza mimi ilikuwa ya marehemu baba, ambayo ndugu watano tulikuwa na fungu ndani yake, dada zetu wakiwemo. Mmoja alikuwa Mombasa, na bei iliyokwisha patanwa ilingoja wiki tatu mpaka aliporidhia. Mnunuzi alikasirika, lakini hakuna mrithi aliyemfuata pwani baadaye.

Basi wewe unayekusudia kununua, usitoe hata shilingi moja ya arbuni ungali juu ya mchanga. Ngoja maji yajae, wapakie wale wale utakaokuwa nao mwaka mzima, wala si mabaharia wa kuazima, mwende nao mpaka Mkanda, mgeuze tanga mara kumi, mrudi mbele ya upepo. Na mkifika, mwulize mdogo wenu kama mikono yake ingali na nguvu ya kwenda tena kesho.